Mji Uliovuliwa Jina: Kisangani katika Riwaya za Wageni

Msafiri anayefika Kisangani kutoka mbali mara nyingi huwa amekwisha kuusoma mji huo kabla ya kuuona. Amesoma Heart of Darkness ya Joseph Conrad, au A Bend in the River ya V. S. Naipaul, na afikapo ukingoni mwa mto hutafuta msitu wa yule wa kwanza au magofu ya yule wa pili. Mwanafunzi wa Kongo naye huenda akaambiwa darasani kwamba riwaya hizo mbili zahusu Kisangani, na mazungumzo yakaishia hapo. Lakini kutaja asili ya mandhari ni hatua ya kwanza tu ya uhakiki. Swali lenye uzito ni hili: mahali halisi panapoingizwa katika hadithi ya kubuni, ni kitu gani kinachochukuliwa, na ni kitu gani kinachoachwa nyuma?

Safari ya Conrad inajulikana kwa tarehe zake. Aliwasili Matadi mwezi wa Juni 1890, akaenda kwa miguu mpaka Kinshasa, na mwanzoni mwa Agosti akapanda merikebu ya moshi iliyoitwa Roi des Belges. Mto kutoka Kinshasa mpaka Kisangani una urefu wa kilomita zipatazo 1,700, na merikebu ilifika kwenye maporomoko tarehe 1 Septemba. Huko ilimpakia mgonjwa, wakala wa biashara aliyeitwa Georges-Antoine Klein, ambaye alifariki njiani wakati wa kurudi. Katika mswada wa riwaya jina la Klein lilionekana kwanza, kisha likabadilishwa kuwa Kurtz. Riwaya yenyewe ilitolewa gazetini mwaka 1899, na katika kitabu mwaka 1902.

Ukiilinganisha safari hiyo na riwaya, utaona kwamba fundi huyu alifanya kazi kwa kupunguza kuliko kwa kuongeza. Mto hautajwi jina. Matadi, Kinshasa na Kisangani zimekuwa vituo vitatu tu: cha nje, cha kati na cha ndani. Mwendo wa mtoni, ambao Conrad aliumaliza kwa muda wa mwezi mmoja hivi, katika hadithi umekuwa miezi miwili. Na mwisho wa mwendo huo, mahali palipokuwa na mji, msomaji anakuta nyumba moja chakavu juu ya kilima, imezungukwa na majani marefu, nyuma yake msitu.

Hali halisi ya mwaka 1890 ilikuwa nyingine kabisa. Kwenye maporomoko walikaa Wagenia, wavuvi ambao mitego yao mikubwa ya kusuka, iliyofungwa kwenye miti katikati ya maji makali, ingali ikivuta wageni hadi leo. Walikuwapo pia maofisa wa Dola Huru ya Kongo. Tena walikuwapo waungwana wa pwani na wa Manyema, pamoja na Kiswahili chao, kwa kuwa tangu mwaka 1887 liwali wa mahali hapo, kwa mapatano na dola hiyo, alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Conrad alipofika, Tippu Tip alikuwa ameondoka kurudi pwani, na Rashid, mtoto wa ndugu yake, ameshika nafasi yake.

Je, Conrad hakuyajua hayo? Aliyajua. Katika insha yake ya mwaka 1924 juu ya jiografia na wavumbuzi, anaukumbuka usiku alioupitisha karibu na maporomoko, na anataja kwa jina kambi ya Rashid iliyokuwa mwendo mfupi tu kutoka pale alipoketi. Katika riwaya kambi hiyo haipo. Watu wa Zanzibar wamebaki mara moja tu, nao ni walinzi wenye silaha wanaomfuata mzungu mmoja njiani kabla msimulizi hajaufikia mto wa juu. Kwa hiyo upweke wa kituo cha ndani haukuokotwa mahali hapo. Umetengenezwa. Riwaya ilihitaji mtu mmoja aliyejitenga na watu wa kwao, asiye na jirani wa kumwamuru wala wa kumshuhudia, na mji wenye liwali, soko na lugha ya biashara ungemharibia mwandishi mpango wake.

Chinua Achebe, katika mhadhara wake wa mwaka 1975, alimlaumu Conrad kwa kumfanya Mwafrika awe pambo la nyuma katika tamthilia ya roho ya Mzungu. Hoja hiyo imejadiliwa sana. Hapa inatosha kuongeza jambo moja la kiisimu: wanyimwao majina hunyimwa pia maneno. Katika riwaya nzima Waafrika husema mara chache sana, tena kwa vipande vya Kiingereza. Kama Kiswahili kingesikika kwenye kituo cha ndani, msomaji angeuliza mara moja kimetoka wapi na kimefikaje, na historia ingeingia kwa mlango huo.

Historia hiyo ina kitabu chake. Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayatoa Ulaya mwaka 1902 na 1903. Kwa hiyo katika miaka ile ile nchi hizi zilikuwa na simulizi mbili: moja ya Kiingereza isiyotaja mahali, na moja ya Kiswahili inayotaja Tabora, Urua, Utetera, Kasongo na Nyangwe, pamoja na wakuu waliotawala huko, maneno waliyosemezana na frasila za pembe zilizopatikana. Msomaji wa Tippu Tip hapotei gizani. Anajua alipo na anajua nani anadai nini. Hata hivyo lingekuwa kosa kumfanya Tippu Tip shahidi asiye na doa. Yeye ni mfanyabiashara na mtu wa vita anayejieleza. Wakuu wana majina. Mateka na wapagazi ni hesabu. Pengo moja haliwezi kuzibwa kwa pengo jingine.

Naipaul alifika Zaire mwaka 1975, na riwaya yake ikatoka mwaka 1979. Yeye naye ameficha majina: nchi, mji na mto havitajwi, na rais ni Mtu Mkubwa tu. Lakini uficho wake si ule wa Conrad. Salim, msimulizi, ni mtoto wa pwani ya mashariki mwenye asili ya Kihindi. Ana duka, ana wateja, na anajua kwamba watu wa pwani walifika hapo kabla yake. Zabeth, mama mchuuzi anayesafiri mtoni kununua bidhaa, na mwanawe Ferdinand, ni watu wenye akili na makusudi. Udhaifu wa Naipaul uko mahali pengine: kwake mji huo kila mara uko karibu kurudi msituni, kana kwamba wakazi wake hawawezi kujenga kitu kitakachodumu. Amerudisha soko, akaacha kesho ya wenye soko.

Huenda mtu akapinga: je, kutotaja jina ni kosa siku zote? Sivyo. Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, katika Tram 83 ya mwaka 2014 ameuita mji wake Mji-Nchi tu, ingawa machimbo, garimoshi na wachimbaji humkumbusha msomaji mkoa wa Katanga. Hata hivyo mji huo umejaa sauti. Watu wake hubishana, hudanganyana na kuchekana ukurasa baada ya ukurasa. Jina limeondolewa, wenyeji wamebaki. Basi kipimo cha haki si jina kuandikwa, bali ni kama wakazi wa mahali palipoazimwa wamepewa nafasi ya kusema.

Kwa kipimo hicho, Heart of Darkness inabaki kazi ya sanaa yenye nguvu juu ya tamaa ya Ulaya, lakini haifai kuwa ramani ya Kisangani. Mwalimu anayeisomesha hana budi kuiweka kando ya maisha ya Tippu Tip na kuwataka wanafunzi waulize katika kila ukurasa nani yuko mahali hapa na anasema lugha gani. Lingine ni la waandishi wenyewe. Mji ambao Kilingala na Kiswahili hukutana sokoni kila asubuhi ungali ukingoja riwaya itakayousikiliza kwa lugha hizo. Wagenia, waliotega samaki katika maji yale kabla ya Conrad kufika, hawajawahi kupata hata ukurasa mmoja katika kitabu chake.