Majani, kikombe na kipimo

Filamu ya Bernard Crutzen, « Malaria Business » ya mwaka 2017, inatugusa sisi watu wa Kalemie, fasi ambapo malaria haichagui nyumba. Inatetea chai ya majani ya artemisia, na kulaumu wakubwa wa dawa wanaoikataa. Hasira hiyo tunaielewa: mwenye kukosa franka za hopitali, njo anachemsha majani.

Ila filamu inasifu sana, inauliza kidogo. Bibi Tu Youyou wa China alipata tuzo ya Nobel mwaka 2015 juu ya dawa aliyoitoa katika artemisia. Alisoma kitabu cha kale cha Ge Hong: majani yaloweshwe katika maji, kisha yakamuliwe. Hakikusema yachemshwe! Akafahamu kwamba moto unaharibu dawa. Kuheshimu wazee njo huko: kusoma neno kwa neno, kisha kupima.

Na vipimo vya chai? Utafiti uliofanywa kwa majirani wetu wa Maniema ulitoka katika jarida Phytomedicine mwaka 2019. Mwaka 2020 jarida lenyewe likaufuta. OMS nayo ilisema mwaka 2019 haiungi mkono chai hiyo, maana nguvu yake haitabiriki.

Wazee wetu hawakuchota ovyo: mtoto alikuwa na kiasi chake, mama mwenye mimba chake. Basi, ndugu wasomaji, majani tusiyatupe, tuyapime. Lakini mtoto akishikwa na degedege, tumupeleke hopitali mbio. Kikombe kitangoja.