Ken Scott, fundi wa uongo wenye sababu

Wahusika wa Ken Scott hudanganya sana, lakini hakuna anayedanganya kwa kupenda. Mwandishi huyu wa Quebec, Kanada, aliyeanzia jukwaani na kundi la wachekeshaji la Les Bizarroïdes, hutanguliza dhiki, kicheko hufuata.

Chukua filamu ya La Grande Séduction ya 2003, aliyoiandika yeye na kuongozwa na Jean-François Pouliot. Samaki wamekwisha kijijini, na waliokuwa wavuvi sasa wanapanga foleni kupokea hundi ya msaada wa serikali. Kiwanda kitajengwa, ila mpaka kijiji kipate daktari wa kudumu. Anakuja daktari kijana wa mjini, wa kukaa mwezi mmoja tu, na kijiji kizima kinaingia kazini kumnasa. Anapenda kriketi? Wazee wasiowahi kushika gongo wanavaa nyeupe na kushuka uwanjani. Ndoana yake haipati kitu? Mtu anapiga mbizi na kumtungia samaki huko chini. Hata simu zake zinasikilizwa, ili atakachotamani akikute.

Hapa ndipo ninapomvulia Scott kofia. Hata hila zikizidi kuchekesha, ile foleni ya hundi haitutoki akilini. Tunaomba wanakijiji wasigundulike, na papo hapo tunamwonea huruma anayedanganywa. Mzaha ukizidi kidogo, watu hawa ni matapeli. Ukipungua, tumebaki na machozi matupu. Mswada hauyumbi.

Starbuck ya 2011 aliiongoza mwenyewe, akaiandika na Martin Petit, mwenzake wa Les Bizarroïdes. Dereva wa bucha ya familia anaambiwa kuwa mbegu alizotoa kwa malipo ujanani zimezaa watoto 533, na 142 kati yao wako mahakamani wakitaka kumjua. Mwandishi mvivu angeitegemea idadi hiyo ichekeshe filamu nzima. Scott anamtuma baba akawaone mmoja mmoja bila kujitambulisha. Wa kwanza ni mchezaji soka, na baba anashangilia jukwaani kuliko wote. Baadaye anamkuta kijana mwenye ulemavu mkubwa, asiyezungumza, anayeishi kwenye kituo cha malezi. Hapo mzaha unanyamaza. Scott anamwacha baba akae naye tu, na hatuharakishi kutoka.

Mwaka 2013 aliitengeneza upya Marekani kwa jina la Delivery Man, akiwa na Vince Vaughn. Ile ya Quebec ndiyo bora. Ukizitafuta, anza na hiyo.