Hongereni Walezi wa Selimundu

Pongezi hizi ni zenu, kina mama na kina baba wa Likoni, Kisauni na Changamwe mnaolea watoto wenye selimundu. Kazi yenu haina likizo. Asubuhi ni kidonge cha foliki. Aliye chini ya miaka 5 hupewa penisilini pia, asubuhi na jioni. Kisha maji, na maji tena, hata wiki ambayo mifereji imekauka na mitungi inanunuliwa kwenye mkokoteni. Usiku ni neti, na mkono unaopapasa tumbo kuona kama bandama imevimba. Homa ikipanda hamngoji kuche: ni hospitali, na anayepelekwa Hospitali ya Makadara kutoka Likoni hupanda feri kwanza.

Utafiti wa dawa ya haidroksiyurea uliochapishwa mwaka 2019, Kilifi ikiwa mojawapo ya vituo vyake vinne, ulionyesha kuwa watoto wanaoimeza kila siku hupungukiwa na maumivu, malaria na haja ya kuongezewa damu. Hata vifo vilipungua. Lakini dawa ya kila siku ni gharama ya kila siku, na hapo nawapa heko majirani. Mchango hupitishwa kwa M-Pesa, na mhazini mwaminifu huandika hata shilingi 50.

Nawapa heko zaidi vijana wa bodaboda wanaoacha abiria na kwenda kutoa damu. Damu haitengenezwi kiwandani kama dawa. Lazima itoke mwilini mwa mtu.