Teolojia ya Mazingira na Swali la Umiliki

Tangu Papa Francis atoe waraka wa Laudato Si' mwaka 2015, mahubiri ya kutunza uumbaji yamepata nguvu mpya katika makanisa na mashirika ya kimisionari. Msingi wake ni kwamba binadamu ni wakili wa Mungu duniani. Akiharibu mazingira ametenda dhambi. Fundisho hilo hatulipingi. Mti ni mti, apande padri au kada. Tunalipima kwa hali halisi ya Tarime na Serengeti.

Kasoro ya mahubiri mengi ni kumsema "mwanadamu" kana kwamba watu wote ni tabaka moja. Mfugaji wa Kikurya na mwenye mtambo wa kuchenjulia dhahabu Nyamongo hawana uwezo sawa wa kuharibu, wala hawavuni faida sawa. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002. Mwaka 2009 maji yake yenye asidi yalivujia mto Tigithe, na kampuni ikalalamikia wizi wa plastiki za bwawa. Teolojia ya dhambi ya mtu mmoja mmoja huishia kumkemea mwizi. Haiulizi kwa nini bwawa la namna hiyo liwe jirani na mto wa wanakijiji. Kadhalika Serengeti: awindaye kitoweo huitwa jangili, awindaye kwa leseni huitwa mtalii.

Hata hivyo, Kanisa linaweza kuuliza swali la msingi. Mwaka 2008 CCT, TEC na BAKWATA walichapisha taarifa iliyohoji Taifa linapata nini katika dhahabu yake. Na mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliwaambia masista wa Maryknoll, ambao shirika lao lilikuwa na wamisionari Mara, kwamba Kanisa lisilopigana na mifumo inayozalisha umaskini litapoteza maana kwa watu.

Swali hilo linatuhusu na sisi. Tangu mwaka 2020 Serikali ina hisa asilimia 16 katika mgodi huo. Ni hatua ya kweli, lakini hisa haisafishi mto. Mwenye hisa ni mmiliki, na mmiliki huulizwa. Basi kada apande miti pamoja na waumini, kisha waulize kwa sauti moja: mto huu ukichafuka, nani atajibu?