Mwoka mikate ana jinsia, rais hana?

Oktoba 2014, mbunge mmoja wa Ufaransa alikatwa robo ya posho yake ya mwezi. Kosa lake? Alimwita mwanamke aliyekuwa akiongoza kikao ‘madame le président’ badala ya ‘madame la présidente’. Alijitetea kwamba anafuata kanuni za Akademia ya Kifaransa.

Akademia hiyo, iliyoasisiwa mwaka 1635, ilishikilia kwa miongo kadhaa kwamba umbo la kiume linapotaja cheo halina jinsia. Eti linajumuisha wote. Kisarufi, hoja hiyo si upuuzi. Kimatumizi haina mashiko. Hebu tazama: mwanamke mwoka mikate ni ‘boulangère’, msusi ni ‘coiffeuse’, muuguzi ni ‘infirmière’. Sijasikia mwanasarufi aliyepandwa na mori kwa sababu ya maneno hayo. Mbona basi sarufi ianze kulalamika tunapofika kwa waziri, wakili na profesa?

Isitoshe, umbo la kike la vyeo vikubwa lilikuwapo tangu zamani. ‘La présidente’ alikuwa mke wa rais. ‘Ambassadrice’, mke wa balozi. Lugha ilimtambua mwanamke, ila kwa kupitia kwa mumewe. (Nasi wa Kiswahili tusicheke mapema. ‘Rubani’ halifichui jinsia, lakini magazeti huandika ‘rubani wa kike’. Wa kiume je?)

Québec, kule Kanada, ofisi ya lugha ilipendekeza maumbo ya kike mwaka 1979. Serikali ya Ufaransa ikatoa waraka kama huo 1986, ukapuuzwa, ikalazimika kuurudia 1998. Akademia yenyewe, ambayo haikuwa imemchagua mwanamke yeyote hadi Marguerite Yourcenar mwaka 1980, ilikubali Februari 2019. Miaka 40 baada ya Québec! Kufikia hapo wasemaji walikuwa wamekwisha kuamua.

Linalonitatiza ni jambo jingine. Hélène Carrère d'Encausse, aliyekuwa katibu wa Akademia hiyo wakati huo, alipenda cheo chake kitajwe kwa umbo la kiume. Nchini Italia, Giorgia Meloni alipochukua uwaziri mkuu 2022, ofisi yake ilitumia ‘il presidente’, ingawa ‘la presidente’ ni Kiitaliano sanifu kabisa. Watetezi wa maumbo ya kike huwaona wanawake hawa kama wasaliti. Mimi siwaoni hivyo. Neno lililobebeshwa udogo kwa karne nyingi halitui mzigo huo siku waraka unapotiwa sahihi, na anayepanda ngazi ana haki ya kulikwepa.