Unapangisha Tarehe, Unauza Deni

Ukiitazama kwa haraka, hati ya umiliki wa wiki moja katika hoteli ya mapumziko pale Orlando, Florida, haina tofauti na hati ya nyumba. Jina la mwenye mali lipo, jina la kaunti lipo, mhuri wa mthibitishaji upo. Tofauti iko kwenye mstari mmoja tu, unaosema kwa mfano: nyumba namba 214, wiki ya 7. Mwenye hati hii si mwenye nyumba 214. Ni mwenye siku saba za kila Februari ndani ya nyumba 214. Jumamosi akitoka yeye, anaingia mwenye wiki ya 8 na hati yake, na zamu inaendelea hivyo mpaka mwaka unakwisha.

Waliowahi kucheza upatu hawahitaji maelezo marefu. Kila mtu ana zamu yake, lakini zamu hazifanani: anayepokea Desemba ana raha yake, na anayepokea mwezi usio na shughuli ana subira yake. Ila kijumbe hamtozi mtu ada kwa sababu tu ana zamu. Kwenye umiliki huu wa zamu wa Marekani, ada ya matunzo inakuja kila mwaka, ulale kwenye nyumba ile usilale, na kwa wastani sasa imevuka dola 1,000 kwa mwaka.

Ada hiyo ndiyo inayowafanya wenye wiki waulize: nipangishe au niuze? Wengi huliuliza kana kwamba ni swali moja lenye majibu mawili. Ukweli ni kwamba ni bidhaa mbili. Anayepangisha anauza tarehe, na mteja wake ni mtu wa likizo. Anayeuza anauza tarehe pamoja na ada itakayoiandama miaka yote, na mteja wake ni mtu aliye tayari kubeba mzigo. Tuifungue hesabu ya kila upande tuone bei zake zinatoka wapi.

Namba ya wiki

Umiliki wa zamu ulianzia Ulaya. Hapimag ya Uswisi iliundwa mwaka 1963, na huko Marekani kampuni ya RCI ilianzishwa Indianapolis mwaka 1974 kwa kazi moja: kuwawezesha wenye wiki wabadilishane zamu kutoka hoteli moja hadi nyingine. Bustani ya burudani ya Disney World ilikuwa imefunguliwa karibu na Orlando Oktoba 1971, na mji huo ukaota hoteli za aina hii kama uyoga. Wingi huo ndio kikwazo cha kwanza cha mpangishaji. Mgeni anayetaka nyumba ya vyumba viwili karibu na Disney ana mamia ya kuchagua.

Kwa miaka mingi RCI iliipa Orlando rangi nyekundu, yaani rangi ya msimu wa wageni, mwaka mzima. Rangi hiyo iliwafaa sana wauzaji, maana wiki ya Septemba iliweza kusifiwa kwa maneno yale yale ya wiki ya Februari. Lakini mgeni anayetoa fedha mfukoni haangalii rangi. Anaangalia kalenda ya shule ya watoto wake.

Hapo namba ya wiki inakuwa na maana. Februari ina Siku ya Marais, Jumatatu ya tatu ya mwezi, na shule nyingi hufunga siku hizo. Kwenye kalenda inayoanza kuhesabu Jumamosi ya kwanza ya mwaka, wiki ya 7 ndiyo huibeba sikukuu hiyo mara nyingi. Mara nyingi, si kila mara. Mwaka 2022 Januari ilianza Jumamosi, kwa hiyo wiki ya 7 ilianza tarehe 12 Februari na kwisha tarehe 19, wakati Siku ya Marais ilikuwa tarehe 21. Sikukuu ikaangukia wiki ya 8. Mwenye wiki ya 7 aliyepanga bei kwa mazoea alikuwa anatangaza sherehe ya jirani. Pasaka huhama zaidi: mwaka 2024 ilikuwa tarehe 31 Machi, mwaka 2025 ikawa tarehe 20 Aprili. Kabla ya kuandika tangazo, funua kalenda ya mwaka husika.

Daftari la kupangisha

Tuchukue tarakimu za mfano ili hesabu ionekane. Nyumba ni ya vyumba viwili, ada ya matunzo ni dola 1,100. Tangazo na cheti cha mgeni, ile karatasi ya hoteli inayomruhusu mtu mwingine kuingia kwa jina lake, vinagharimu jumla ya dola 100.

Wiki ya 7 ikipangishwa kwa dola 1,500, toa 100, inabaki 1,400. Toa ada, inabaki faida ya 300. Wiki ya Septemba, shule zimefunguliwa na vimbunga viko kwenye msimu wake, ikipangishwa kwa dola 650, toa 100, inabaki 550. Toa ada, ni hasara ya 550.

Wengi wakifika hapo huifunga nyumba na kusema bora ikae tupu. Hapo ndipo hesabu inapowapiga chenga. Ada ya 1,100 inadaiwa hata kama hakuna aliyelala humo, kwa hiyo nyumba tupu ni hasara ya 1,100 kamili. Pango la 650 limeipunguza hadi 550. Mpangishaji wa msimu mbovu hapaswi kuuliza atapata faida gani. Aulize atakomboa kiasi gani cha ada.

Hesabu hiyo inaamua pia lini bei ishuke. Tarehe ni bidhaa inayooza kama samaki wa asubuhi: ikipita, haiuziki tena. Ikibaki miezi miwili na hakuna aliyeuliza, kung'ang'ania 650 ni kuchagua sifuri. Hata dola 400, baada ya gharama, inakomboa 300.

Utaratibu wenyewe una mitego yake. Mwenye wiki inayoelea, ambaye hati yake haitaji tarehe maalumu, aweke nafasi hotelini kwanza, apate namba ya uthibitisho, ndipo atangaze. Anayetangaza asichokishika mkononi anaahidi mali ya wenzake. Wiki iliyopatikana kwa kubadilishana kupitia RCI haipangishwi, kanuni zao zinakataza. Kodi ya serikali nayo isisahauliwe: katika Kaunti ya Orange, ilipo Orlando, malazi ya muda wa miezi sita au chini ya hapo yana asilimia 12.5, ikiwa ni kodi ya mauzo ya jimbo asilimia 6, nyongeza ya kaunti asilimia 0.5 na kodi ya utalii asilimia 6. Kwa pango la 1,500, hiyo ni dola 187.50 juu yake, fedha ambazo mwenye wiki anazipitisha tu kwenda serikalini.

Kutoka pango hadi bei

Sasa tugeukie kuuza. Wiki mpya kutoka kwa kampuni huuzwa kwa wastani wa zaidi ya dola 20,000, na sehemu kubwa ya bei hiyo ni gharama ya kuuza yenyewe: zawadi za kumvuta mtu kwenye mkutano, kamisheni, kumbi na matangazo. Gharama hizo zimeshaliwa. Hazimo kwenye godoro wala kwenye bwawa la kuogelea, na mnunuzi wa pili hana sababu ya kuzilipa.

Basi mnunuzi wa pili analipia nini? Analipia pengo kati ya pango na ada. Wiki ya 7 ingemgharimu mtu dola 1,500 kama angeipanga, na mwenye hati anaipata kwa ada ya 1,100. Pengo ni 400 kwa mwaka. Kwa miaka mitano ungedhani ni 2,000, lakini ada haikai mahali pamoja. Ikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka na pango likabaki palepale, mwaka wa pili pengo ni 334, wa tatu 264, wa nne 190, wa tano 111. Jumla ni karibu dola 1,300. Mtu mwenye akili zake atatoa kiasi hicho au pungufu, kwa kitu kilichonunuliwa kwa 20,000.

Ile ya Septemba haina pengo. Pango ni 650 na ada ni 1,100, kwa hiyo kuimiliki ni kupoteza 450 kila mwaka ukilinganisha na kuipanga tu. Thamani yake iko chini ya sifuri. Ndiyo maana kwenye minada ya mtandaoni wiki nyingi zimetangazwa kwa dola 1, na muuzaji analipa yeye gharama za uhamisho.

Kanuni hiyo inaeleza pia kwa nini kuna zinazoshika bei. Klabu ya likizo ya Disney, iliyoanza mwaka 1991, haiuzi wiki bali pointi, na mikataba mingi ya hoteli zake za mwanzo inakoma Januari 2042. Pointi hizo zinapata wanunuzi wa pili kwa bei ya maana kwa sababu vyumba vya Disney hupangwa kwa bei kubwa kuliko ada yake. Tena Disney ina haki ya kununua kwanza: ukipata mnunuzi, kampuni inaweza kuchukua nafasi yake kwa bei ile ile, jambo linalozuia bei za kutupa. Lakini mkono huo huo unaweza kubana. Tangu Januari 2019, pointi za mkono wa pili zilizonunuliwa baada ya hapo kwenye hoteli za zamani hazikubaliki kwenye hoteli mpya za klabu. Karatasi ni ile ile, matumizi yamepunguzwa.

Njia ya hati

Mauzo safi yana hatua zinazofuatana. Hoteli inatoa barua inayothibitisha wiki ni ya nani, inadaiwa nini na mwaka gani wa matumizi unaofuata. Mnunuzi anaweka fedha kwa mtu wa tatu, wakili au kampuni ya uhamisho, na si mkononi mwa muuzaji. Kama kuna haki ya kununua kwanza, kampuni inaandika kwamba inaiacha. Hati mpya inasainiwa mbele ya mthibitishaji na kusajiliwa kaunti, huku Florida ikitoza ushuru wa stempu wa senti 70 kwa kila dola 100. Mwisho, hoteli inabadilisha jina kwenye daftari lake. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika, na ikisahaulika bili ya Januari inaendelea kumfuata mwenye zamani.

Asiyepata mnunuzi aulize hoteli yenyewe kama inapokea hati zinazorudishwa. Kampuni kadhaa kubwa zina mpango huo, kwa sharti la kawaida kwamba mkopo umelipwa na ada haina malimbikizo.

Simu yenye habari njema

Lakini kabla ya hapo, simu italia. Anayepiga anaijua hoteli yako, anaijua wiki yako, na ana mnunuzi tayari kwa dola 18,000. Kinachobaki ni kodi kidogo, au ada ya usajili, ilipwe leo. Ukilipa, kesho kuna nyingine.

Muundo huu si wa vibaka wa mtaani. Julai 2024 mamlaka za Marekani zilitoa tahadhari kuhusu utapeli wa wiki za likizo unaoendeshwa kutoka Meksiko na genge la uhalifu la Jalisco, zikitaja wahanga wapatao 6,000 waliopoteza karibu dola milioni 300 kati ya 2019 na 2023. Umoja wa Ulaya ulilishika jambo hili kwenye shina lake: agizo la mwaka 2008 linakataza dalali wa mauzo ya pili kupokea malipo kabla mauzo hayajafanyika. Popote ulipo, shika kanuni hiyo kama sheria yako. Tena sasa una hesabu ya pengo. Anayetoa 18,000 kwa kitu chenye pengo la 1,300 hataki wiki yako.

Florida inampa mnunuzi siku 10 za kuvunja mkataba baada ya kusaini, haki isiyoweza kufutwa kwa sahihi nyingine. Zikipita, fedha za ununuzi zimekwenda. Kwa hiyo mwenye wiki ya Septemba anayeitoa kwa dola 1 na kulipa mia kadhaa za uhamisho hapotezi 20,000 siku hiyo. Hizo alizipoteza siku ya kumi na moja. Siku anayosaini kuitoa, anachofanya ni kuzuia 1,100 za Januari, na za Januari inayofuata.