Dalali wa Habari

Siku ya soko katika mji wa Kimana, kusini mwa Kajiado, nyanya na vitunguu hupakiwa katika malori, na mifugo hupata mabwana wapya. Mnunuzi mgeni hawezi kupita shamba kwa shamba, humtafuta dalali. Dalali mwema humpeleka penye mali bora. Dalali mbaya humpeleka kwa yule aliyemtia kitu mkononi. Wote wawili huonyesha njia, lakini mmoja ni kiongozi na mwingine ni mtego. Shika mfano huu, ewe msomaji, maana ndio mizani tutakayoipimia mitambo ya kutafutia habari katika intaneti, ambayo imepata kutawala mmoja baada ya mwingine.

Mwaka 1994 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, Jerry Yang na David Filo, walianza kuorodhesha tovuti zilizowapendeza. Orodha hiyo ikawa Yahoo. Sifa yake ilikuwa kwamba kila tovuti iliwekwa mahali pake na binadamu mwenye akili. Kasoro yake ilikuwa hiyo hiyo, kwa kuwa mikono ya watu haikuweza kwenda sambamba na wingi wa kurasa zilizozaliwa kila siku.

Desemba 1995 ukaja AltaVista, mtambo wa kampuni ya Digital. Huu haukungoja mpangaji; ulizisoma kurasa wenyewe, ukayahifadhi maneno yake, ukajibu kwa kasi iliyowastaajabisha watu. Lakini neno si ushahidi. Mwenye hila aliweza kulirudia neno moja mara mia katika ukurasa wake ili aonekane mjuzi, kama mchuuzi apigaye kelele kuliko wenzake hali kikapu chake ni kitupu. Baadaye wenye mtambo nao waliusahau utafutaji, wakashughulika kuupamba mlango wao kwa habari na maduka. Mwaka 2013 AltaVista ilifungwa, na wachache waliilia.

Google iliyoanzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, nao pia wa Stanford, iliuliza swali bora zaidi. Haikuuliza tu ukurasa unasema nini juu ya nafsi yake, bali kurasa nyingine zinauelekeza msomaji kwake kwa kiasi gani, na hizo zinazoelekeza zina heshima gani. Hii ni hekima ya kale: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa fikira hiyo, na kwa ukurasa mweupe usio na mapambo, Google ilistahili ushindi wake. Haki hiyo hatuwezi kuinyima.

Lakini mhakiki hasifu ushindi akanyamaza; huuliza mshindi alifanya nini na enzi yake. Katika makala yao ya mwaka 1998 Page na Brin walionya kwamba mtambo unaolishwa na matangazo utaelekea kumpendelea mtangazaji kuliko mtafutaji. Miaka miwili baadaye kampuni yao ilianza kuuza matangazo kandokando ya majibu, na biashara hiyo ikawa ndiyo tegemeo lake. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa Marekani aliamua kwamba Google iliulinda ukiritimba wake kinyume cha sheria. Ilidhihirika katika kesi hiyo kwamba mwaka 2021 pekee ililipa zaidi ya dola bilioni 26 ili iwe mtambo wa kwanza katika simu na vivinjari vya watu. Anayeaminiwa kwa wema wake analipia mlango wa nini?

Yako madhara mengine, nayo yanakugusa wewe uliye Kimana. Mtambo unaopima heshima kwa wingi wa wanaoelekeza humwinua anayetajwa na wengi. Hoteli ya watalii iliyo karibu na Amboseli hutajwa na mawakala na wasafiri wa nchi nyingi. Mkulima ajuaye namna ya kugawana maji ya mfereji, na mzee wa Kimaasai ajuaye jina la kila malisho, huenda hawana ukurasa hata mmoja. Basi ulimwengu ukiuliza habari za Kimana, ni rahisi kujibiwa habari za tembo na vitanda vya wageni. Habari hizo si za uongo, ila zimewaacha wenyeji nje ya mji wao wenyewe.

Tangu Novemba 2022, ilipotokea ChatGPT, dalali wa namna nyingine ameingia sokoni. Huyu hujibu kwa kinywa chake mwenyewe, kwa ufasaha, na mara nyingi bila kukupeleka kwenye chimbuko la habari. Ni kama anayekuletea nyanya zilizokwisha kukatwa, usijue zilitoka shamba gani wala kama zilikuwa nzima. Huenda akamshusha aliyetangulia. Lakini kuanguka kwa mfalme si dhamana ya haki ya mrithi.

Kwa hiyo, msomaji, usifungamane na mtambo wowote kwa mapenzi. Kila jibu liulize: ni nani asemaye, na ni nani aliyelipa ili asikike? Kisha fanya jambo ambalo hakuna mtambo utakaokufanyia. Andika uyajuayo ya kwenu, kwa Kiswahili na kwa Kimaasai, kwa usahihi na kwa jina la mahali. Dalali, awe mwema au mbaya, hawezi kuionyesha mali ambayo haijaletwa sokoni.